Nyasi za Wageni kwenye Mteremko wa Kashozi

Magoti yalistaafu kwanza, mimi nikayafuata. Siku nilipowakabidhi ninyi vijana wangu kisu changu cha kukatia na ule mpira wa maji wa kupimia usawa, mliniomba niwaandikie kidogo kuhusu kazi yetu ya kutandika nyasi bandia, maana mnasema nikinyamaza mtajifunza kwa hasara. Mtajifunza kwa hasara hata nikiandika. Lakini kwa sasa sina shughuli kubwa zaidi ya kuyatoa magoti juani asubuhi na kuyarudisha ndani jua likishuka, kwa hiyo naandika.

Kabla ya nyasi nilikuwa fundi cherehani. Nilishona sare za shule pale Bukoba mjini, kwenye baraza la duka la mtu, mpaka sare zilizoshonwa tayari zilipoanza kuja kwa marobota na mimi nikabaki kubadilisha zipu. Zipu haziendeshi nyumba. Nikaenda kubeba mchanga kwa fundi mwashi aliyeitwa Respicius, ambaye sisi sote tulimwita Ta Respicius, kwa heshima ile ile tunayompa mzee yeyote wa huku kwetu. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye mikono mikavu kama mfuko wa saruji, na alichukia maneno mengi kazini.

Siku yangu ya kwanza kwenye nyasi sikuipanga. Tajiri mmoja wa samaki wa Kemondo alikuwa amejenga nyumba juu ya ghuba, kwenye mteremko ambao hata mbuzi huushuka kwa adabu, na akaagiza kutoka Dar es Salaam kapeti la nyasi bandia. Lilifika limeviringishwa, zito, linanuka kama ndala mpya. Mafundi wote, wanaume watupu, walisimama kulizunguka wakilitazama kama maiti ya mtu wasiyemjua. Mmoja akasema wazi kilichokuwa mioyoni mwao: kutandika nyasi ni kazi ya wanawake.

Hakuwa anatania. Nyumba za bibi zetu hazikuwa na sakafu ya saruji. Mwanamke alikwenda rweya, yaani kule kwenye mbuga ya majani nje ya mashamba, akakata nyasi, akazifunga mzigo, akazibeba kichwani, akaja kuzitandika ndani ya nyumba kwa mpangilio mzuri, ncha zikielekea upande mmoja. Mwanaume alijenga nyumba, akaiezeka, akaigombania mahakamani, lakini nyasi za sakafuni hakuzigusa. Ta Respicius akazungusha macho, akaniona nakuja na beseni la mchanga kichwani.

“Adventina, tua hilo beseni,” akasema. “Wewe umetandika nyasi tangu utoto. Njoo utandike na hizi.”

Ndivyo nilivyoingia kwenye ufundi. Watu hupenda kuniuliza nilikuwa na ndoto gani. Nilikuwa na ndoto ya kutua beseni.

Kumbe ile kazi ilikuwa cherehani nyingine. Kapeti la nyasi lina uelekeo wake kama kitambaa cha velveti: ukilipapasa huku linalala, ukilipapasa kule linasimama na kukukwaruza. Vipande viwili vikielekea pande tofauti, uwanja unaonekana kama suruali iliyotiwa kiraka cha rangi nyingine. Kingo hazipandishwi moja juu ya nyingine. Unazipunguza kwa kisu kutokea nyuma, unazisogeza mpaka zikaribiane bila kusukumana, unatia utepe na gundi chini, halafu unafukua nyuzi kwa vidole ili zisinaswe kwenye gundi. Wanaume walitaka kupigia nyundo. Mimi niliinama nikashona, na tangu siku hiyo sijainuka sawasawa.

Lakini kushona ni nusu ndogo ya kazi. Nusu kubwa iko chini, nayo Ta Respicius ndiye aliyenifundisha. Alikuwa akifika kwenye uwanja, kabla hata ya kusalimiana vizuri na mwenye nyumba, anachota udongo, anaulowesha, anausokota kama kamba nyembamba, kisha anauzungusha kwenye kidole kama pete. Pete ikipasuka, anakubali chai ya mwenye nyumba. Isipopasuka, anatikisa kichwa.

“Huu ni mfinyanzi,” alikuwa akisema. “Umekaa kidoleni bila kupasuka. Basi tumeshafunga ndoa na matatizo.”

Udongo wa mfinyanzi unakunywa maji polepole na ukishakunywa hauachi. Wakati wa kiangazi unapasuka nyufa za kuingia mkono, mvua ikija unavimba na kuteleza kama sabuni. Huku kwetu, mnajua wenyewe, mvua haisubiri msimu. Ukiutandikia nyasi juu juu, maji yataingia kwenye nyuzi, yatafika kwenye mfinyanzi, yatakosa pa kwenda, na maji hufuata mkondo: yatateremka chini ya kapeti, na kapeti litayafuata. Kwa hiyo unachimba kwanza mfereji upande wa juu, ukamate maji ya bati na ya barabara kabla hayajafika. Unaondoa tabaka la juu. Unakata ngazi kwenye mfinyanzi wenyewe, ngazi ambazo hakuna atakayeziona, ili kokoto utakazomwaga zipate pa kukaa badala ya kuteleza zote kwenda bondeni. Juu ya ngazi unatandika kitambaa cha kuchujia, kokoto, kisha vumbi la mawe, unashindilia. Mfinyanzi uliolowa usiushindilie kamwe. Utang'aa, utakudanganya kwamba umekubali, na msimu ukigeuka utakurudisha pale pale na sururu. Mishono yote iteremke na mteremko, isikatishe, maana mshono unaokatisha ni mdomo wazi unaosubiri maji.

Haya yote mnayajua. Nayarudia kwa sababu Ta Respicius naye aliyarudia, na kila aliporudia nilichoka kumsikiliza, nami leo nimekuwa yeye.

Kazi iliyonivunja mgongo ilikuwa Kamachumu, huko Muleba. Mwenye nyumba ya wageni aliweka fundi kutoka mbali, aliyetandaza karatasi la nailoni juu ya mfinyanzi na nyasi juu ya nailoni, akapigwa picha, akaondoka. Ikanyesha mvua moja ya maana. Tulipoitwa, tulikuta uwanja wote umeshuka kwa pamoja, kama blanketi linaloteleza kitandani, ukavuka ua wa mpaka na kujilaza kwenye migomba ya jirani. Viti viwili vya plastiki vilikuwa bado vimesimama juu yake. Ta Respicius aliinua ukingo mmoja wa kapeti, akaiona ile nailoni.

“Nyasi zako zimekwenda kusalimia jirani,” akamwambia mwenye nyumba, naye mwenye nyumba hakucheka, wala mimi sikucheka, kwa sababu nilijua ni nani atakayezirudisha. Kapeti lililojaa tope la mfinyanzi halibebeki. Tulilikata vipande, tukalivuta mlimani, tukaliosha, tukachimba upya. Kule ndiko nilikojifunza kukata ngazi kwa jembe mpaka mikono ikafanya yenyewe, na kule ndiko kiuno changu kilikoanza kuzungumza na mimi kila asubuhi.

Goziba nako nilifika, kwa wale wanaodhani nawadanganya. Mwenye baa kule kisiwani alitaka nyasi mbele ya baa yake. Kapeti lilisafiri kwa boti kati ya magunia ya chumvi na abiria wanaotapika, nami nikiwa mmoja wao. Tukatandika vizuri. Niliporudi baadaye kukagua, wavuvi walikuwa wameanika dagaa juu yake, uwanja mzima, na mwenye baa alikuwa amekata tamaa na kuanza kuwatoza. Sikuona sababu ya kuhuzunika. Walau lilikuwa likitumika.

Ta Respicius alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Tulimzika kwenye kibanja chake, kati ya migomba na mibuni, kama wazee wetu wanavyozikwa. Siku moja kabla hajazidiwa nilikwenda kumwona, akanishika mkono akasema, “Wewe mtoto, juu yangu usiniwekee plastiki. Unipandie nyasi zinazokufa.” Nilimpandia. Nimemkosa sana mzee yule, na sioni haya kusema kwamba miaka yote iliyofuata nilifanya kazi nikimsikiliza nyuma ya bega langu.

Sasa niwaambie kazi ya Kashozi, ambayo ni ya mwisho, na ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu.

Simu ilitoka Dar es Salaam. Kijana anaitwa Projestus, kijana kwa maana kwamba mama yake bado yu hai. Kichwani ana mvi kunizidi. Alinisalimia shikamoo kwa heshima, nikaitikia, akaeleza. Mama yake, Ma Leokadia, anaishi peke yake kwenye nyumba ya familia huko Kashozi, jirani na misheni. Nyumba iko juu, barabarani. Jiko la nje liko chini ya uwanja, na chini ya jiko kinaanza kibanja, na pale mwanzoni mwa kibanja ndipo alipolala mumewe, Ta Anatoli. Kila siku yule mama anashuka uwanja ule kwenda jikoni, anashuka tena kwenda kaburini kusali, anapanda. Uwanja ni mfinyanzi mtupu. Mvua ikinyesha anaanguka.

“Juzi ameanguka tena, Ma Adventina,” akasema. “Jirani ndiye aliyenipigia. Mimi nimechoka kulala na simu mkononi. Nataka uniwekee nyasi zinazoshika mguu. Na nimemwambia Mama wazi: nikija Krismasi nikasikia ameanguka tena, tunaondoka naye. Chumba chake kiko tayari.”

Nilipokwenda kukagua nikamkuta mama mwenyewe, mdogo wa umbo, mkavu, peku, anamenya ndizi bila kuzitazama. Akanikaribisha, “Nyegera waitu,” akanipa kahawa ya kutafuna kwanza kama ilivyo desturi, ndipo akasema lililomkaa moyoni.

“Projestus ni mtoto mzuri. Lakini Dar nitafanya nini? Nitakaa kwenye kochi nitazame televisheni mpaka nife, halafu wanirudishe kwenye sanduku. Si bora nibaki hapa hapa nisiwasumbue? Mzee wangu yuko pale.” Akaonyesha kwa kisu. “Nimemuahidi sitamwacha peke yake. Sasa wewe binti, hizo nyasi zako zitanishika?”

Kuitwa binti katika umri wangu ni jambo la kupokea kwa mikono miwili. Nikamwambia zitamshika. Nikachota udongo, nikausokota, nikauzungusha kidoleni. Pete ilikaa mpaka nikaisahau, nikaenda nayo hadi mjini.

Tulifanya ile kazi wakati wa kiangazi, mimi na kijana wangu Jovin na wenzenu mnaowajua. Sikuruka hata hatua moja. Mfereji wa juu tuliuchimba wenye kina, bomba la matundu likapita ubavuni, mbali na kaburi, maana Ma Leokadia alisema mzee asiguswe na sururu na sisi hatukubishana. Ngazi tulikata kama nilivyofundishwa. Mawe ya ukingo tuliyaweka pande zote, na upande wa migomba, nje ya ukingo, kikabaki kichochoro cha mfinyanzi cha upana wa mtu mmoja, njia ya kuku, kwa sababu pale kibanja kinapanda ubavuni mwa uwanja na mama hakutaka mawe kwenye kibanja. Nyasi nilizichagua fupi na ngumu. Magoti yalikuwa yananililia kama watoto, nikayaambia subirini, hii ni ya mwisho. Tulipomaliza nilimwaga ndoo kadhaa za maji katikati ya uwanja, nikavua viatu, nikapanda na kushuka. Mguu ulishika kama umeshikwa na mkono.

Ma Leokadia alisimama kibarazani akatazama ile kijani yote. “Ni nzuri mno,” akasema taratibu. Nilidhani ananisifu. Alikuwa ananipa taarifa.

Mna desturi, niliyowaachia, ya kurudi kukagua mvua kubwa za kwanza zikishapita. Msiiache. Nilirudi Kashozi mwezi wa senene, Novemba, siku ya mawingu, na kwa macho ya ufundi kazi ilikuwa safi. Hakuna palipovimba wala palipobonyea, mshono hauonekani, mfereji unapeleka maji kistaarabu. Projestus akanipigia nikiwa pale pale. “Nyasi zinashika?” akauliza. Nikamjibu zinashika. Akashukuru, akakata.

Halafu nikainama, kwa tabu, nikazipapasa. Nyuzi zote zilikuwa zimesimama wima. Mahali ambapo mtu anapita kila siku nyasi hulala kidogo, hata bandia, ikawa njia. Pale hapakuwa na njia. Nikageuza macho upande wa migomba. Kwenye kile kichochoro cha mfinyanzi, nje ya mawe yangu, kulikuwa na nyayo za mguu peku, za kushuka na za kupanda, nyingine zimeteleza na kuacha mstari mrefu.

Ma Leokadia alitoka jikoni amejifunika kanga begani. Nilipomsalimia alinipa mkono wa kushoto. Hiyo haikuwa kawaida yake. Nikamwomba anionyeshe wa kulia. Alikuwa na jeraha kuanzia kiwiko hadi kiganjani, limeanza kukauka, amelipaka dawa ya majani.

“Uliangukia wapi, Mama?”

“Hapo pembeni.”

“Kwa nini unapita pembeni?”

Akanishangaa, kama nimemuuliza kwa nini hali chakula kilichowekwa kwa ajili ya padri. “Binti, wewe si Mhaya? Nyasi mpya za wageni utazipitaje na miguu ya jikoni? Projestus anakuja na watu wake Krismasi. Wazikute chafu?” Akavuta kanga, akafunika ule mkono. “Na usimwambie, tafadhali. Ukimwambia atanichukua.”

Nilikaa kwenye ngazi ya kibaraza. Nilikuwa nalijua kila neno lake. Kwa mama yangu ilikuwa vile vile. Nyasi zikiletwa mbichi kutoka rweya na kutandikwa kwa ajili ya wageni, sisi wa nyumbani tulipita kandokando ya ukuta, tukijibana, mpaka wageni waje wazikalie. Mtoto aliyekatisha katikati alipata fimbo. Nami nilikuwa nimemtandikia mama wa watu uwanja mzima wa nyasi ambazo hazichakai wala hazinyauki. Zingebaki mpya, na yeye angepita pembeni mpaka siku ya kufa. Nilihisi uchovu ambao sikuwahi kuuhisi hata Kamachumu.

Nikajaribu akili ya kifundi kwanza. Nilimwambia hizi ni plastiki, zinaoshwa kwa ndoo ya maji. Akasema basi nitazioshaje na mkono huu. Nikamwambia mwanao amezinunua kwa ajili ya miguu yako. Akasema mtoto hawezi kumnunulia mzazi kitu kizuri vile akakichezea. Jovin akaleta moramu akamwaga pale pembeni bila kumuuliza mtu; mvua ya siku iliyofuata ikaichukua yote ikaipeleka jikoni, naye Jovin akapata kazi ya kufagia.

Jibu lilikuja nikiwa nyumbani nakanda magoti kwa maji ya moto. Kama shida ni kwamba nyasi zinangoja wageni, dawa si kubishana naye. Dawa ni wageni. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walishasema, na mara moja katika maisha nimeona methali ikifanya kazi ya mshahara.

Nilimwendea kiongozi wa jumuiya ndogo ya Kikristo ya pale, nikaomba sala ya wiki ile ifanyike kwa Ma Leokadia. Nje, nikasisitiza, uwanjani. Wakaja kina mama na wazee wachache, na bahati nzuri kulikuwa kumenyesha, kila mmoja ana tope lake. Walifika kwenye ukingo wakasimama. Hata wao! Wamejipanga pembeni kama mabata, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza. Ma Leokadia akawa anawasihi, “Karibuni waitu, karibuni, kaeni, ni zenu,” kwa furaha ya mtu aliyekaa na hizo nyasi kama deni. Wakavua kandambili, wakaingia. Wakakaa, wakanyoosha miguu, wakasali rozari, wakaimba. Zikaja ndizi za maharage, kahawa ya kutafuna, lubisi, pombe yetu ya ndizi, kwenye kibuyu kwa wazee. Maharage yakamwagika. Maganda ya kahawa yakatemwa. Mzee mmoja akalala usingizi kabisa.

Walipoondoka, uwanja ulikuwa umechoka kama mimi. Ma Leokadia alisimama kibarazani akautazama, akavuta pumzi.

“Basi zimeshakaliwa,” akasema.

Akachukua sufuria, akakanyaga. Hatua ya kwanza aliiweka kama anapima maji ya moto. Akashuka katikati mpaka jikoni, akageuka, akapanda, akashuka tena bila kubeba kitu. “Hazina harufu,” akaniambia. “Nyasi gani hizi zisizo na harufu. Lakini zinashika.” Tangu siku ile alipita katikati, na niliporudi wiki iliyofuata nilikuta njia imelala, nyembamba, kutoka kibarazani hadi jikoni na kutoka jikoni hadi kaburini.

Wiki ya Krismasi Ma Leokadia aliniita nije nisugue yale madoa ya maharage kwa ufagio mgumu kabla watu wa Dar hawajafika. Walifika kabla sijamaliza. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Gari likasimama barabarani, Projestus akazunguka nyumba na kutokea kibarazani, suruali imepigwa pasi, viatu vya ngozi. Mama yake alikuwa chini, jikoni, akamsikia, akamwita, “Nyegera waitu.” Mwana akataka kushuka kumsalimia.

Nilimwona akiutazama ule uwanja wa kijani. Akaona nyasi, akaona viatu vyake. Akavua viatu na soksi, akakunja suruali, kisha, bila kufikiri kabisa, akavuka mawe ya ukingo na kuingia kichochoro cha upande wa migomba.

“Baba, pita katikati,” nikamwambia.

“Nisizichafue, Ma Adventina,” akajibu. “Wageni wanakuja kesho.”

Kabla sijamjibu akateleza. Mguu mmoja ulikwenda mbele, wa pili ukaufuata, na yule mtu mzima akakaa kwenye mfinyanzi na kuteremka nao hadi kwenye mgomba wa kwanza. Shati, suruali, mgongo, vyote vikawa rangi moja. Hakuumia. Alibaki amekaa pale, mikono hewani, akitafuta pa kuifutia.

Ma Leokadia alitoka jikoni. Hakukimbia. Alipanda katikati ya nyasi zilizolowa, peku, tope la jikoni likiacha alama nyuma yake, akafika usawa wa mwanawe, akainama juu ya mawe ya ukingo na kumnyooshea mkono, ule wa kulia, wenye kovu. Projestus akaushika, akaliona kovu. Akaangalia nyayo zilizozeeka kwenye kile kichochoro alichokuwa amekalia. Nadhani alielewa yote kwa mara moja.

“Umeumia?” mama akamuuliza.

“Hapana, Mama.”

“Sawa. Ila nikuambie mapema,” akasema, akimvuta juu ya nyasi. “Ukianguka tena, hurudi Dar. Unakaa hapa nikuangalie.”

Walipanda pamoja kwa katikati, polepole, yeye akiacha alama kubwa za tope na mama yake akimshika kiwiko asije akateleza. Mimi niliweka ufagio chini, nikaacha madoa yalivyokuwa.